Mvukutaji wa Mfongoni

Umewahi kukitupa kitu cha babu yako kwa sababu tu kilikuwa kinakuaibisha mbele ya wageni? Usijibu haraka. Fikiria kwanza ile redio ya mbao, kile kigoda kilichopasuka, lile jina la Kichagga ulilolificha siku ya kwanza chuoni. Wengi wetu tumetupa. Tukishatupa, tunapanda jukwaani na kulia kwamba hatuna historia.

Ebenezeri wa Mfongoni hajawahi kupanda jukwaani. Kanisani hata kuonekana haonekani, maana kazi yake iko nyuma ya ubao. Lakini kama kuna mtu mmoja katika mlima huu aliyekataa kutupa, ni yeye, na nusura hasira yake mwenyewe imponze.

Mfongoni iko juu ya mji wa Moshi, karibu na pale migomba inapoishia na msitu kuanza. Kanisa la Kilutheri la pale ni la mawe, dogo, lenye baridi hata mwezi wa pili. Ukiingia, pembeni mwa madhabahu utakiona kinanda cha mabomba. Kwa mbali kinafanana na kabati kubwa lililobeba mafungu ya filimbi, nyingine ndefu kama mtu mzima, nyingine fupi kama kidole. Kilitengenezwa Ujerumani katika karne ya kumi na tisa. Mwaka umechongwa kwa kisu ndani ya mlango wake, pamoja na jina la fundi ambalo hakuna mtu Mfongoni anayeweza kulitamka bila kutema mate. Kilifika pwani kwa meli. Kutoka pwani mpaka hapa kilipanda juu ya vichwa na mabega ya watu, bomba kwa bomba, kupitia nyika yenye simba na kiu. Mmoja wa watu hao alikuwa babu wa babu yake Ebenezeri.

Kwa hiyo upagazi uko katika damu. Ebenezeri mwenyewe, ujanani, alibeba mahema na mitungi ya gesi kuwapelekea watalii mpaka chini ya barafu ya Kibo. Magoti yalipoanza kulia alirudi kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, akashika kahawa, migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Kazi moja tu ya kubeba alibaki nayo: kubeba pumzi ya kinanda.

Mabomba yale hayaimbi bila upepo, na upepo unatoka kwenye viriba viwili vilivyo nyuma ya kabati, mifuko mipana ya mbao na ngozi inayopanuka na kukunjamana kama mbavu za mtu anayepumua. Kila kiriba kina mpini wake. Mtu anasimama pale, anavukuta mmoja, kisha mwingine. Baba yake alivukuta kabla yake, na alimfundisha jambo moja tu: usivukute kwa haraka na usivukute kwa hasira. Tembea kama mtu aliyebeba mzigo mzito kwenye kilima kirefu. Mguu huu unyanyuke kabla ule haujachoka.

Mbele ya kinanda, kwenye vibao vya kubonyeza noti, anakaa mke wake Yuditha, mwalimu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya. Kati yao kuna ubao. Hawaonani. Yuditha akigonga ubao mara moja, maana yake ni ongeza upepo. Akigonga mara mbili, inatosha. Walianza kugongeana hivyo kabla hawajachumbiana, na watu wa viti vya mbele, waliosikia kila pigo miaka yote hiyo, husema posa ilipitia kwenye ubao ule. Mpaka leo, Ebenezeri akianza hotuba ndefu mezani, Yuditha hugonga sahani yake mara mbili.

Kisha ngozi za viriba zikapasuka. Hazikupasuka siku moja. Zilichanika kwenye mikunjo kidogo kidogo, na kila Jumapili kinanda kilipungukiwa na pumzi, mpaka asubuhi moja, katikati ya wimbo wa toba, kikatoa mlio wa ng'ombe aliyevimbiwa, kikanyamaza. Vijana wa kwaya waliendelea na kinanda cha umeme walichokuwa nacho kando. Hakuna aliyeomboleza, isipokuwa nyuma ya ubao.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Bi Ndelilio, mama aliyefanya kazi benki Dar es Salaam mpaka akastaafu na kurudi nyumbani akiwa na mipango mingi. Si mama mbaya. Paa la kanisa lisingekuwa limeacha kuvuja bila yeye. Ila alitaka ile kona. Alitaka jukwaa la kwaya, spika na skrini ya kuonyesha maneno ya nyimbo, kama makanisa ya mjini.

"Kile ni kabati la panya," alisema kwenye baraza la wazee.

"Panya hawamo," Ebenezeri akajibu. "Tumemweka paka."

"Huyo paka anatoa sadaka gani?" mzee mmoja akauliza, na baraza likacheka.

Bi Ndelilio hakucheka. "Mimi nilipata kipaimara mbele ya kinanda kile, Ebenezeri. Usidhani sikijui. Lakini mtu akishakata roho tunamzika. Hatumwachi sebuleni eti kwa sababu tulimpenda."

"Hajakata roho. Amepasuka kifua."

"Basi mtibu."

Baraza likaamua hivi. Ikiwa Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno kinanda kitapiga wimbo wa kwanza mpaka mwisho, kitabaki. Kisipopiga, Jumatatu asubuhi fundi atakuja na spana zake, mabomba yataingia kwenye masanduku, na masanduku yataingia stoo nyuma ya kanisa. Kila mtu aliijua stoo ile. Mimbari ya zamani iliingia humo kusubiri ukarabati, ikatoka kuwa kuni za kupikia chai ya semina.

Mchungaji Martha ndiye aliyefunga kikao kwa sala. Alikuwa Mbena wa Njombe, mwanamke mchangamfu anayeendesha pikipiki yake mwenyewe kwenye matope, na alikuwa na miezi michache tu tangu ahamishiwe mlimani. Baada ya amina alimfuata Ebenezeri mlangoni.

"Nimefungwa na uamuzi wa baraza," akamwambia, "lakini sijafungwa miguu. Ukihitaji mtu wa kutumwa, nitume."

Ebenezeri akaanza kutibu. Alishuka Moshi mjini kwa fundi viatu, akarudi na ngozi nzuri, nyeusi, inayong'aa. Akaikata, akaigandisha kwenye mbao kwa gundi ya moto. Ilikuwa ngumu kama mkate wa juzi. Kiriba hakikuweza kukunja mbavu zake, kikakwama nusu kama mtu mwenye kichomi. Akaibandua. Akachukua kipande cha hema la enzi zake za mlimani, akakijaribu. Upepo ulipita kwenye nyuzi na kinanda kikawa kinanong'ona badala ya kuimba.

Alipokuwa amekaa jikoni amejiinamia, Yuditha akaingia akaweka mezani ngozi iliyokunjwa. Ebenezeri akaigusa. Ilikuwa nyembamba na laini kama sikio la ndama.

"Imetoka wapi hii?"

"Kwa mbuzi."

"Yuditha."

"Kwa mbuzi wa Mzee Sifael. Umefurahi sasa?"

Ebenezeri akaondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

Mzee Sifael ni jirani. Kihamba chake kinapakana na cha Ebenezeri, na kati yao kuna mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga tunaipanda kuwa mpaka. Ukoo wa Sifael ni wa wahunzi. Zamani walifua majembe na mikuki ya nusu ya mlima huu, na mpaka leo mzee huyo hulainisha ngozi ya mbuzi kwa mikono na mafuta kama babu zake walivyofanya kwa ajili ya viriba vya kuchochea moto, ingawa siku hizi moto wenyewe anauwasha mara chache.

Mwaka wa ukame walikosana. Maji ya Mfongoni yanakuja kwa mfongo, mfereji wa mababu unaoshuka kutoka msituni, na kila kihamba kina zamu yake. Zamu ya Ebenezeri ilipofika, maji hayakuja. Alipanda kuangalia, akakuta yamefungwa na kugeuzwa upande wa Sifael. Miche yake ya kahawa, aliyoiotesha mwenyewe, ikakauka yote.

Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, pale tunapofanya mnada wa ndizi na mayai yaliyoletwa kama sadaka, Ebenezeri alimwendea Sifael mbele ya watu wote akamwambia, "Wewe kavukute kwenu."

Mgeni angesikia maneno matatu ya kawaida, lakini mlimani hapa wahunzi waliwahi kuogopwa kama watu wenye laana. Kuna wazee waliowakataza watoto wao kuoa huko. Kumwambia mtu wa ukoo ule akavukute kwao ni kumtoa katika watu. Sifael aliokota kofia yake, akaondoka. Tangu siku ile Ebenezeri hakumpa tena shikamoo, na mzee hakuisubiri.

Ebenezeri alikumbuka maji. Neno alikuwa amelisahau, kama wanavyosahau warusha mawe.

"Rudisha," alimwambia Yuditha.

"Jumapili haikungoji uache kununa."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa hiyo aliichukua ngozi ile huku amekunja uso, akaipeleka kanisani, akaikata mkanda mmoja wa kujaribia. Ilikunjika vizuri ajabu. Lakini gundi haikushika. Mzee alikuwa ameipaka mafuta ngozi yote, kama inavyotakiwa kwa kiriba cha mhunzi, ambacho hushonwa na kufungwa kwa kamba. Kiriba cha kinanda hugandishwa kwa mbao, na gundi iliteleza juu ya mafuta yale kama kamasi. Ilihitajika ngozi nyingine, yenye kingo kavu. Na mtu mmoja tu ndiye angeweza kuiandaa wiki ile.

"Nenda kamwambie," alisema Yuditha.

"Nenda wewe."

"Mimi nimeshakwenda. Kanywe chai kwake na wewe, hana sumu."

Ndipo pikipiki ya Mchungaji Martha ikanguruma getini. Alisikiliza shauri lote akiwa amesimama, helmeti mkononi.

"Nipe ngozi, niipeleke," akasema. "Ujumbe ni upi?"

"Kingo ziwe kavu," alisema Ebenezeri. "Na usiseme nimekutuma mimi."

"Niseme nimetumwa na nani? Roho Mtakatifu?"

"Sema kinanda."

Mchungaji akatikisa kichwa. Ebenezeri akaenda bandani kwa ng'ombe, asije akaulizwa zaidi. Mchungaji akaikunja ngozi, akaifunga kwa uzi wa katani, uzi ukakatika. Akatazama huku na huku. Pale mpakani majani ya masale yalikuwa yamesimama marefu, ya kijani, imara kama mkanda. Akachuma moja, akaufunga mzigo kwalo, akakaza fundo zuri.

Njombe hakuna desturi hii, hivyo tusimlaumu. Lakini kwetu jani la isale halifungi mizigo. Mtu akikukosea akakuletea isale, anakuomba msamaha, na huna ruhusa ya kukataa. Kuna watu waliosamehe damu kwa sababu ya jani lile. Ukilipokea, umefungwa.

Yuditha, aliyekuwa anamenya ndizi za mtori mlangoni, aliona kila kitu. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akachukua ndizi nyingine.

Jua lilikuwa linaegemea Mlima Meru wakati mtu alipobisha hodi. Ebenezeri alitoka bandani na ndoo ya maziwa, akasimama. Mzee Sifael alikuwa getini, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

"Nimepokea," alisema mzee.

Ebenezeri alitazama jani. Alitazama mpakani, akaona pale lilipochumwa, jeraha bichi kwenye shina. Alimtazama mkewe. Yuditha alikuwa anazitazama ndizi kwa bidii kubwa.

"Miaka yote nimekuwa nikijiambia," Sifael akaendelea, "akija kwa maneno nitamfukuza. Akija na mbuzi nitamfukuza na mbuzi wake. Sikudhani utaleta hili. Hili halifukuzwi."

Ilikuwa rahisi kwa Ebenezeri kusema: Mzee, samahani, ni Mchungaji, ni mgeni, hajui mambo ya huku. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Aliyekosewa ni nani? Si yeye? Miche ya nani ilikauka?

"Maji niliyafunga mimi," alisema Sifael, kana kwamba amesikia. "Ng'ombe wangu alikuwa anakufa kwa kiu, nikafunga bila kukuambia. Hilo ni langu, na ningelisema siku ile ile kama ungeniuliza. Lakini wewe hukuniuliza. Uliniambia lile neno. Mjukuu wangu nilikuwa nimemshika mkono. Njia nzima aliniuliza, babu, kwetu tunavukuta nini?"

Ebenezeri alihamishia ndoo mkono wa pili.

"Sasa na mimi nikuulize," alisema mzee. "Wewe pale nyuma ya ubao, Jumapili zote hizo, unafanya nini?"

Ng'ombe alikohoa bandani.

"Navukuta," alisema Ebenezeri.

"Ehee."

Na hapo neno lile alilolirusha mnadani lilimrudia, zito, kama mzigo ambao mwenzake aliubeba peke yake mlima mzima. Aliweka ndoo chini. Shikamoo aliyoinyima miaka yote ilitoka kwa sauti ya kukwaruza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Lakini lile jani," Ebenezeri akaanza, maana alikuwa mtu mkweli na ukweli ulikuwa unamwasha, "lile jani, kusema kweli..."

Nyuma yake Yuditha aligonga beseni kwa kisu. Mara mbili.

Ebenezeri akanyamaza. Alimtazama mzee, kofia yake, mikono yake iliyopasuka kwa mafuta na moto, na akaona kwamba ukweli una zaidi ya mlango mmoja.

"Lile jani limechelewa," alisema. "Lilipaswa kuja mwaka ule ule."

Mzee akakohoa, akageuza uso upande wa migomba kwa muda. Aliporudisha macho alikuwa fundi tayari.

"Haya. Mchungaji wako anasema kingo kavu. Kavu kiasi gani?"

Kesho yake walikuwa wote wawili kanisani, nyuma ya kinanda, wamepiga magoti kama watu wa toba, ingawa walikuwa wanabishana. Sifael alichungulia ndani ya viriba kwa tochi ya simu, akaguna.

"Hiki ni kiriba cha babu yangu," alisema. "Kimevaa suti tu."

"Babu yako hakuwa na mbao za mwaloni."

"Na huyu Mjerumani hakuwa na mbuzi wa maana. Tazama alivyopasuka."

Mzee alitaka mafuta kwenye mikunjo, la sivyo ngozi itakufa mapema. Ebenezeri aliogopa mafuta yatatambaa mpaka kwenye gundi. Walikubaliana baada ya kelele nyingi: mafuta kidogo, katikati ya mkunjo tu, yapakwe kwa kidole kimoja gundi ikishakauka. Yuditha aliwaletea mtori. Walikula kutoka bakuli moja wakiendelea kubishana.

Mchungaji Martha alipita kuwaona, akatabasamu mpaka masikioni. Yuditha akamvuta nje, akamweleza maana ya isale. Mchungaji akashika kichwa.

"Mama yangu. Nimemsamehesha mtu kwa uongo?"

"Umempelekea mtu kilichokuwa chake," alisema Yuditha. "Kilikosa mjumbe tu. Ila siku nyingine ukikosa kamba, omba kamba."

Kinanda chenyewe hawakuweza kukijaribu kikamilifu. Gundi ilihitaji kukauka mpaka Jumapili yenyewe.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilikuwa shamba. Mikungu ya ndizi iliegemea madhabahu, mabua ya miwa yalifungwa kwenye nguzo, kuku walilalamika ndani ya vikapu. Bi Ndelilio alikaa kiti cha mbele kabisa, miwani usoni, mikono pajani. Nyuma ya ubao Ebenezeri alisimama kati ya mipini miwili. Alikuwa amemwomba Mzee Sifael akae karibu naye kwenye kigoda, asikilize ngozi.

Yuditha akagonga mara moja.

Ebenezeri akavukuta. Mguu huu, na ule. Viriba vikajaa polepole, bila mlio, na kisha sauti ikatoka, na mama mmoja kwenye viti vya katikati akasema "Aika, Ruwa," asante, Mungu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeshukuru kwa chai. Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita. Katika ubeti wa tatu bomba moja la katikati likakataa kunyamaza. Vumbi la miaka lilikuwa limekwama mahali fulani, na bomba lile likashikilia noti yake, Yuditha akitaka asitake, likilia chini ya wimbo kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mama yake. Watoto wakacheka. Nje, mbuzi wa mnada akaitikia.

Ubeti wa nne ulianza na goti la kulia la Ebenezeri likagoma. Alihisi likilegea kama lilivyowahi kulegea mlimani na mtungi wa gesi kichwani. Mpini ukapungua kasi, sauti ikaanza kuzama. Kwenye ubao pigo moja. Pigo moja tena, kali zaidi.

Mzee Sifael hakuuliza. Alisimama, akavua koti, akashika mpini wa pili. Mikono ile haikuhitaji kufundishwa. Mmoja alishuka, mwingine akapanda, na upepo ukarudi ukiwa mnene kuliko mwanzo. Wakafika mwisho wa wimbo pamoja, wakihema, na baada ya watu wote kunyamaza lile bomba kaidi likaendelea peke yake kidogo, kisha na lenyewe likaishiwa.

Yuditha akagonga mara mbili. Inatosha.

"Wimbo umefika mwisho," Ebenezeri alimwambia Bi Ndelilio nje, kwenye mnada, baada ya ibada.

"Umefika," alisema mama yule. "Na bomba moja likafika nyumbani kwangu na kurudi."

"Bomba linasafishika, mama."

Bi Ndelilio alimtazama kana kwamba anataka kusema jambo refu. "Tutaongea," akasema tu, akamwinulia mnadishaji mkono, akanunua mkungu wa ndizi, akaenda zake. Kuhusu fundi wa Jumatatu hakusema kitu.

Kwa hiyo Ebenezeri hakulala vizuri. Asubuhi alikamua ng'ombe, akabeba kopo la maziwa begani kwenda kituo cha kukusanyia, na akachagua njia inayopita kanisani ingawa ndiyo ndefu. Alipofika kwenye kona ya mkuyu aliiona pikipiki ya fundi imesimamishwa mlangoni. Magoti yakasahau kwamba ni mabovu. Alipanda ngazi akiwa bado na maziwa begani, na katikati ya ngazi alisikia sauti.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya noti moja moja, inayokosea na kurudi nyuma na kuanza upya. Ebenezeri aliutambua wimbo huo: ndio ambao watoto wa Mfongoni huimba wakitembea kwenda madhabahuni siku ya kipaimara.

Alichungulia kwa mlango wa pembeni. Mfuko wa spana ulikuwa sakafuni, zipu imefungwa. Viatu vya kike vilikuwa kando yake, vimepangwa sawasawa. Bi Ndelilio alikaa kwenye kiti cha Yuditha, miguu mitupu, anapiga kwa kidole kimoja. Nyuma ya ubao, fundi aliyeitwa kuja kukifungua kinanda alikuwa amevua shati la kazi na kulining'iniza kwenye msumari, anakimbizana na mipini, jasho linamtoka.

"Polepole, baba," alisema Bi Ndelilio bila kugeuka. "Hatukimbizwi."

Kidole chake kikatafuta noti iliyofuata, kikaipata, na sauti ikaanza kufifia. Bi Ndelilio akainua mkono, akagonga ubao mara moja.